Swali Lisilokuwa na Alama

Valdorsa, Friuli
10 Septemba

Mpendwa Dada Alba,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima huko Rosario, na goti lako limepata nafuu. Sisi hatujambo, ila mimi na kikohozi changu bado tunaishi nyumba moja. Wifi yako Rosalba anashinda jikoni akipika jamu ya plamu zile za zambarau. Mwaka huu miti imezaa mpaka matawi yanavunjika.

Uliniuliza kuhusu Nives wangu, nami nimekuwa nikikwepa kukujibu. Amerudishwa darasa. Anarudia mwaka mzima kwa ajili ya hesabu, na inaniuma, Dada, kwa sababu mtoto mwenyewe si mjinga.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiulizwa ubaoni: mwalimu anateremsha kidole kwenye majina, na darasa zima halipumui. Watoto wa siku hizi wamejipangia zamu. Wiki hii wanasoma wawili na kujitolea kuulizwa, wiki ijayo wawili wengine. Waliobaki wanalala usingizi wao. Walimu wanajua, wanafumba macho.

Basi Oktoba iliyopita alikuja mwalimu mpya wa hesabu, Bi. Zanier, mama mwembamba mwenye sauti ya upole. Siku ya kwanza aliwaambia kwamba maswali yake hayatakuwa na alama. Anauliza ili ajue wapi hawajaelewa, apafundishe upya.

Nives alituletea habari hiyo mezani. Rosalba aliweka sufuria ya polenta, ugali wetu wa mahindi, chini, akacheka.

“Hakuna mwalimu anayeuliza bure, mwanangu. Huo mtego. Ukikubali kwamba hujui, anakuandika moyoni.”

“Ndivyo wote wanavyosema darasani,” Nives akajibu.

Wakaendelea na zamu zao kama kawaida. Bi. Zanier akiuliza, wale wawili wanajibu kama maji; akiuliza nani hajaelewa, wote wanatikisa vichwa kwamba wameelewa. Maskini, aliwaamini. Akafurahi kupata darasa zuri namna hiyo, akasonga mbele, sura baada ya sura, na Nives alikuwa ameachwa nyuma tangu Novemba.

Mwezi wa Mei wakafanya mtihani mmoja na madarasa mengine. Darasa zima likaanguka. Wazazi tulijaa shuleni, na wa kwanza kusimama alikuwa Duilio, yule wa duka la baiskeli.

“Huyu mama hajui kufundisha! Mwaka mzima hajampa mtoto wangu hata alama moja mbaya, sasa nitajuaje kama hajui?”

Bi. Zanier hakujitetea. Alisema tu kwamba yeye pia hakujua, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Nilimwonea huruma sana. Shule ilipofungwa akaomba uhamisho, akaondoka na vitabu vyake kwenye gari dogo, na watoto wakaambiwa warudi Septemba kujaribu tena.

Nives alilia siku mbili. Baada ya hapo akakaa na vitabu kiangazi kizima, hata mtoni hakwenda. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na nadhani mtoto huyu alilielewa hilo kuliko sisi tuliomzaa.

Wiki iliyopita akaitwa ubaoni mbele ya mwalimu mgeni. Alianza vizuri. Alipofika katikati ya hesabu akasimama, akaweka chaki chini, akasema:

“Hapa ndipo ninapopotea, Mwalimu. Mpaka hapa naelewa. Naomba unieleze.”

Mwalimu akamshukuru, akamwambia akakae. Akamwandikia nne kwa kumi, yaani ameanguka.

Rosalba alikasirika sana. “Kwa nini hukuandika chochote tu? Wenzako waliandika upuuzi na wamepita!”

“Mama, mwaka mzima nilijifanya najua, na aliyekuwa tayari kunisaidia ameondoka. Nilitaka kusema mara moja tu.”

Rosalba akarudi kwenye jamu yake. Jana mtoto akaniuliza kama Bi. Zanier anaweza kurudi, maana sasa anajua hasa cha kumuuliza. Nikamwambia hapana, mwanangu, harudi.

Wasalimie shemeji Oreste na wanao wote, na umbusu mjukuu wako mpya kwa niaba yangu. Rosalba anakusalimu, Nives pia, ingawa siku hizi salamu zake ni fupi. Mungu akulinde na akupe watu wa kukusikiliza unaposema ukweli.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye daima,
Ermes