Majani Yaliyomwagwa

Metrine binti yangu,

Asubuhi nilikosa chai, mkate na heshima. Maharagwe yako kwenye sufuria, yapashe. Dawa yangu ya matone ibaki pale pale mlangoni mwa friji. Naipata kwa kupapasa.

Uliyamwaga majani ya dawa aliyonitumia baba yako mdogo Hudson kutoka nyumbani, tena mbele ya mgeni: "Khalas, basi, Baba! Utapofuka na hayo majani yako!" Matone sijayaacha hata siku moja. Majani niliyanywa pamoja nayo, kwa kuwa daktari alisema presha ya macho hairudishi ilichokula. Hudson peke yake aliniambia nitaona.

~~Nitamwomba atume mengine.~~ Nimemwandikia kwamba nimepona, asihangaike tena kuyachuma. Akipiga simu, usinikanushe. Bahasha yake nimeshaifunga, naipeleka posta ya hapa Satwa.

Baba