Upepo wa Alhamisi Ile

Owino, Kampala
Jumapili

Kwa dada yangu mpendwa Safinah,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii inakukuta salama hapo Kibera, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kidonda cha upasuaji kimeshafunga, unambeba Shamirah mdogo bila kuumia. Huku sote wazima. Mimi afya ninayo, usingizi ndio sina. Shangazi Nabilah anakusalimu sana, na ananung'unika kwamba mtoto kapewa jina la mama, lakini yeye picha hajaletewa hata moja.

Usishangae kuona karatasi na simu ipo. Kwenye simu nikianza kusema, wewe unalia, nami nageuza maneno. Barua hii nampa rafiki yangu Cleopas Odero, anayekuja huko kuwaona wazazi wake. Mpe chai, ila tafadhali usimuulize kitu kabla hujaisoma hadi mwisho.

Uliniomba niandike jinsi mama alivyoondoka, ili shemeji aisome kwenye hitima ya arobaini, watoto wasikie kwamba Haboba, bibi yao, alikufa na shahada mdomoni, mkono wake mkononi mwa mwanawe. Nimeanza mara nne, dada, na mara nne nimechana karatasi. Basi niache nianzie mbali kidogo.

Unaujua ugonjwa wangu wa ndege. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimetazama juu, na kwamba mke wangu itabidi aje na ngazi kama anataka nimwone. Hapa Kampala nimepata wagonjwa wenzangu. Odero ana duka la kutengeneza televisheni Ntinda. Abdul-Latif alikuwa akipakia mizigo ya abiria kule Entebbe mpaka mgongo ukamkatalia. Jumapili tunateremka Entebbe na darubini moja niliyoikuta ndani ya mtumba wa makoti kibandani kwangu, tunasimama kando ya uzio wa uwanja, tunabishana mpaka wapita njia wanatucheka.

Mwaka huu ubishi wetu ulikuwa mmoja tu, ile ndege mpya kubwa ya abiria iliyoundwa Ulaya, ambayo ilikuwa bado haijapaa hata mara moja. Abdul-Latif alishikilia kwamba ndege ya ukubwa ule kupewa injini mbili ni kumjaribu Mungu, na yeye bila injini nne hapandi hata akibebwa bure. Odero akamjibu kwamba hakuna aliyemwalika. Wasiwasi wa Odero ulikuwa mabawa. Alisema ni marefu mno, na upepo wa ubavuni ukivuma siku ya kupaa wenyewe hawataiachia. Mimi nilitaka kujua magurudumu yatainuka wapi, kabla ya nusu ya njia ya kurukia au baada. Ni mambo ya kipuuzi ukiyaandika. Lakini miezi ile mama akiwa wodini, haki ya Mungu, ndiyo yaliyonitoa kitandani asubuhi.

Siku ikatangazwa: Alhamisi, saa sita mchana kwa saa zetu. Ndiyo Alhamisi ile, dada.

Asubuhi mama alikuwa ametulia. Alikunywa uji vijiko vitatu, akaniuliza kama umeshajifungua, nikamwambia bado. Muuguzi akanipa karatasi ya dawa ya kununua nje. Duka la dawa liko ng'ambo ya barabara, hata dakika kumi hazifiki kwenda na kurudi. Mama akaniambia nisichelewe. Nikamwambia narudi sasa hivi.

Nikavuka barabara, nikapita mlango wa duka la dawa, nikaita boda, nikaenda Ntinda.

Sikuwepo, dada. Nimeiandika sasa na siichani. Mama alipokata roho sikuwepo.

Nilikuwa dukani kwa Odero mbele ya televisheni kubwa ya mteja, tukiitazama ndege imesimama mwisho wa njia, injini zinanguruma. Mtangazaji akasema wanasubiri upepo utulie. Nikajiambia nusu saa tu. Ikapita, wakasema bado, nikajiambia nusu saa nyingine. Simu yangu ikaita, namba nisiyoijua. Ikaita tena. Ilipoita mara ya tatu, Abdul-Latif akalalamika kwamba hasikii, nami nikaizima sauti kwa kidole changu mwenyewe. Saa tisa wakatangaza kwamba imeahirishwa. Ndege ikageuzwa, ikarudishwa ndani. Haikuacha ardhi hata kidogo, dada. Hata hicho nilichomwachia mama sikukiona.

Nikanunua dawa, nikapanda ngazi za wodi nikikimbia. Mama alikuwa ameshafunikwa shuka.

Aliyekuwa naye ni Alum, mama mmoja wa kabila la Lango, kutoka Lira, aliyekuwa akimuuguza dada yake kitanda cha pili. Ni Mkristo, mke wa askari, Kiswahili chake ni cha kambini. Ndiye aliyekuwa akinipigia. Aliniambia mama alianza kuhangaika, akamwita muuguzi, muuguzi akaja akafanya alichoweza. Kisha mama akaanza kusema maneno. Alum akadhani anaomba maji, halafu akaelewa kwamba anasali. Basi akamshika mkono, akawa anayarudia yale maneno nyuma yake, neno kwa neno, asiyajue, ili mama asisali peke yake. Sauti ya mama ilipoisha, yeye aliendelea mpaka midomo ikatulia.

Jioni uliponiuliza kwenye simu kama nilikuwepo, nikasema ndiyo. Ukaniuliza alisema nini. Nikayachukua yote aliyonisimulia Alum, nikayafanya yangu. Ukaniombea dua ndefu, na kila dua ikanichoma. Mazikoni wazee walinishika mkono wakinipongeza, nami nikaupokea mkono wao. Ole wangu.

Ile ndege ilipaa Jumatatu. Odero aliniletea video kwenye simu, akidhani itanifariji. Niliitazama yote. Ilikuwa nzuri, sitakudanganya tena, na nilijichukia kwa kuiona nzuri. Tangu hapo Entebbe sijaenda.

Wiki iliyopita nilijikaza nikampigia Alum. Nilimweleza kwamba nimewaambia watu ni mimi niliyekuwa pale. Nilitegemea anitukane. Badala yake akasema kuna kitu hakuniambia siku ile kwa kuwa aliona nimeshaumia vya kutosha. Mwishoni macho ya mama yalikuwa hayaoni tena. Akaita, "Hamim." Alum akatazama mlangoni, hakuna mtu. Mama akaita tena. Basi Alum akaukaza ule mkono, akaitika, "Nipo, mama."

Siku ya hitima shemeji asilisome jina langu, alisome la Alum. Watoto waambiwe kwamba Haboba alisindikizwa na mama wa Lira ambaye hata jina la Haboba mwenyewe alikuwa halijui vizuri. Ukitaka kunikasirikia, kasirika, una haki, sitapiga simu mpaka wewe uanze. Wewe nimekueleza, unaweza kunisamehe au kuacha. Mama ameondoka akiamini nilikuwa nimemshika mkono, na yeye siwezi kumwambia.

Wasalimie wote, shemeji, watoto, majirani wa ukuta wenu, na umbusu Shamirah kwa ajili yangu. Mungu akupe nguvu ya kunyonyesha na kulala. Shangazi anasubiri picha.

Ni mimi mdogo wako,
Hamim