Miti Waliyoipanda kwa Jina Lako

Tata,

Shikamoo, baba yangu, huko uliko. Huku umekuwa mtu maarufu, na nakuandikia mwenyewe usije ukasikia kwa wengine.

Mwezi uliopita kulikuwa na tamasha la muziki Tukuyu, uwanja wa mpira. Walikuja pia watu wa mazingira kutoka mjini, fulana za kijani, kuhamasisha. Walikuwa wamesikia habari za mzee wa Ikuti aliyetunza chemchemi peke yake mpaka akafa, na kabla ya siku hiyo walishafika nyumbani kuomba picha yako. Mama akawapa ile ya kipaimara changu, uliyovaa koti la kuazima. Wakaichapa migongoni mwa fulana. Jua lilipowaka walizivua, wakazifunga kiunoni, wakakukalia.

Katikati ya nyimbo mshereheshaji alipaza sauti, "Kelele kwa Mzee Ambakisye!" Uwanja mzima ukapiga kelele. Wewe ambaye kila mkutano uliomba dakika tano tu za kuisemea chemchemi ukaambiwa muda umekwisha. Walihubiri ubaya wa plastiki hadi jioni, kisha wakatuachia chupa zao uwanjani, nasi tukaziokota.

Hayo yote ningeyacheka. Lakini kesho yake walikuja chemchemini kupanda miti ya kukukumbuka. Walileta miche kwenye viriba, na kibao chenye jina lako. Nikachuma jani moja, nikalifikicha, nikanusa. Mikaratusi, Tata! Mikaratusi kwenye jicho la maji! Ule mti ambao wewe ulisema una kiu kuliko ng'ombe wa jirani yetu Lufingo. Walikwenda kuichimbia mashimo katikati ya mikuyu yako, ile uliyoichomeka vijiti ukaizungushia miiba mbuzi wasiiguse.

Nikamwambia kiongozi wao. Akacheka, akanishika bega. "Dada, mti ni mti." Mtu mzima, amesoma, ana gari lenye picha ya mti mlangoni. Mti ni mti.

Sasa nikuambie na aibu yangu, maana nikiwadharau wao peke yao nitakuwa mwongo. Nilinyamaza. Mama alikuwa analia kwa furaha, anakipapasa kibao, anawashukuru, ndaga, ndaga fijo. Wakanipa jembe nipige nalo picha. Nikalishika. Kwenye hiyo picha, Tata, nimetabasamu.

Mvua zikanyesha, miche ikashika. Kila Jumapili akitoka kanisani Mama alikwenda kukifuta kibao kwa kitenge chake. Shangazi akatuonya kwamba atakayegusa miti ya marehemu amemtukana marehemu. Nami kila nilipochota maji niliitazama inavyorefuka, nikawaza mwanangu atakuja kuchota wapi. Kinachoniuma ni kwamba wangeikausha kazi ya maisha yako kwa jina lako, na sisi tukipiga makofi.

Jana alasiri nikachukua jembe. Niling'oa mmoja baada ya mwingine, haraka haraka kama mwizi. Nilipofikia wa mwisho nikageuka, Mama amesimama na ndoo. Nikasubiri matusi. Aliitazama ile miche pale chini, akatua ndoo.

"Ulijua siku ile ile?" akaniuliza.

Nikamwambia nilijua.

"Baba yako asingengoja mwezi."

Basi. Akachota maji yake, akajitwika, akapandisha kwenda nyumbani. Tata, hakuna aliyewahi kunichapa hivyo, hata wewe.

Kibao nimekiacha. Chini yake nimechomeka vijiti vitatu vya mkuyu, nikavizungushia miiba kama ulivyonifundisha, na leo asubuhi nimekuta Mama ameongeza miiba mingine.

Pumzika, Tata, nyuma ya migomba yako. Sitashika tena jembe la mtu kwa ajili ya picha. Ile miche nimeiweka kwenye kichanja cha jikoni, juu ya moto, inakauka. Wamesema mwakani watarudi kupiga picha miti yao imefikia wapi. Waje. Nitaiwasha mbele yao, niwachemshie chai, na maji nitateka kwenye chemchemi yako.

Mwanao,
Atupele