Vitabu Vinavyoanzia Kulia

Tabora

Mwanangu Nurjahan,

Huku hatujambo, ila mvua zimechelewa. Umeniomba nimnyang'anye Tanzila vile vitabu vya michoro vya Kijapani anavyoazima maktaba. Unaona ndivyo vinavyomfanya mwanao anyamaze ukimpigia simu, tangu uhamie Muscat kikazi.

Kwanza nilikisoma kimoja mwenyewe. Sikuelewa kitu, naye akacheka: "Babu, umeanzia mwisho! Kinafunguliwa kama msahafu, kulia kwenda kushoto." Mimi niliyefundisha kusoma miaka thelathini!

Nilipokigeuza nikaelewa kwa nini vijana wanavigombania. Mchoraji hutumia hata kurasa tatu kuonyesha uso mmoja, bila neno. Katika hizo nilizosoma, msichana anamtazama mama yake akipanda treni.

"Mbona hamwambii kitu?" nikamuuliza Tanzila.

"Akisema atalia, Babu. Wewe angalia macho."

Vitabu sitamnyang'anya. Ijumaa usipige simu ya sauti tu, piga ya video. Akinyamaza, usikate. Mwangalie.

Nakuombea heri,
Baba yako, Kabir