Shayiri Isiyovunwa

Jumanne, 8 Agosti 1654

Mume wangu Piaras katangulia Connacht. Wakatoliki wote wenye ardhi tunahamishiwa huko, ng'ambo ya mto, na mashamba yetu wanagawiwa askari wa Bunge waliotushinda vitani. Mimi nimeruhusiwa kubaki mpaka nivune shayiri. Basi sivuni.

Mama mkwe hajui kitu. Miguu imemvimba, yuko kitandani tangu Pasaka. Tumemwambia mwanawe kaenda kununua ng'ombe. Anataka jambo moja tu: azikwe hapa, ubavuni mwa mumewe. Nikimpakia kwenye mkokoteni atanifia njiani, afukiwe mtaroni kama wengine. Kwa hiyo nangoja afe kwanza. Ndiyo, nimeandika. Mungu anisamehe.

Jumapili, 13 Agosti

Hakuna misa — padri kajificha. Badala yake kaja Hobday, askari atakayepewa nyumba hii. Si mtu mbaya, na hilo linaniudhi zaidi. Kapima dirisha kwa mkanda wake. Shayiri imeiva, mama, akasema. Nikamwambia bado mbichi. Akatafuna punje, akacheka.

"Mimi mkulima huko kwetu. Usinifanye mtoto."

Lakini amri ni amri. Shayiri ikiwa shambani, hawezi kututoa.

Alhamisi, 17 Agosti

Mvua. Masuke mengine yameanza kuota yangali shambani. Kunguru wamenenepa. Tadhg, kibarua wetu, kanijia juu: "Bibi, umerogwa? Hiki si chakula?" Nikamrudisha zizini. Nikimweleza, mama mkwe atajua kabla ya chakula cha jioni.

Leo mama mkwe kala uji wote, akaomba siagi. Nilifurahi. Kisha nikaogopa.

Jumatatu, 21 Agosti

Jua. Nilikuwa nakamua, nikasikia vicheko shambani. Nikatoka mbio — mama mkwe! Kapiga magoti katikati ya shayiri, mundu mkononi, anakata. Nyuma yake Tadhg na wanawake wa jirani wanafunga miganda. Kumbe alisikia kunguru akiwa kitandani, akamuuliza Tadhg, naye akamwambia yote anayoyajua.

"Nimemwoza mwanangu mwanamke mvivu," akasema mbele ya watu. "Piaras aje na ng'ombe wake akute aibu hii?"

Nikamshika mkono. Akanisukuma. Ana nguvu!

"Kachukue mundu, mwanangu. Jioni tunamaliza."

Hobday kasimama langoni, kofia mkononi. Yeye hakucheka. Nusu ya shamba iko chini. Nimeingia kuchukua mundu, nikachukua kalamu. Ananiita tena — sauti nzima, ya mtu aliyepona.