Jiwe ya Mumosho

Bahati, ndugu yangu,

Ni miye, mwenye ulikuwa unaita Redio ya Uongo. Binti yangu njo anaandika, juu miye na kalamu hatujasalimiana hata siku moja.

Tangu tulikuzika, usingizi ilinikimbia. Miye, mwenye kulala kupita banaume bote ba Bukavu. Unajua. Ile miaka tulifanya zamu pa depo ya kahawa, miye nilikuwa nakoroma juu ya mifuko, wewe unakesha kwa ajili yetu bawili. Asubuhi patron, mukubwa wa depo, anashukuru, na miye njo nilikuwa naitika.

Ulikuwa na ile ugonjwa: hata siku ya konje, ya kupumzika, haukulala. Nikakuambia uende Mumosho, uokote jiwe mu muto Ruzizi na mukono ya kushoto, usigeuke nyuma mpaka nyumbani, uiweke chini ya kichwa. Niliitunga pale pale, muhogo ikiwa mu kinywa. Wewe ukaenda na miguu. Ukarudia shingo imekauka kama muti, juu haukugeuka hata watu walipokuita. Mu kabare, pale tunakunywia pombe, nilichekesha watu na ile hadisi. Niliongeza hata mamba.

Sasa ile ugonjwa yako ilinifikia. Situwayen, ule bwana wa farmasi, aliniuzia vidonge: nikalala mu misa, mbele ya padri. Muzee moja wa Walungu akanipa majani ya kuchemsha: nikakojoa mpaka asubuhi. Nikajaribu kasiksi, pombe yetu ya ndizi: nikaimba, jirani akanitupia kiatu. Kiatu muzuri, niko nayo bado.

Halafu, siku tulimaliza kilio, mujane wako Maman Faida akaniita pembeni. Akanipa jiwe, imelainika kama yai juu ya kushikwa-shikwa. Akasema: «Papa, Bahati alisema hii ni yako. Alijua ni uongo, mbele hata ya kufika Mumosho.» Nikamuuliza, sasa aliendea nini? Akajibu: «Alisema, hata kama ni uongo, ni yeye peke alinitafutia dawa.»

Bahati, sikukutafutia. Nilikuchezea. Sikujua usiku iko murefu vile. Kama ningejua, ningeamuka hata mara moja juu ya ile mifuko, tuongee.

Jiwe nailalia. Haileti usingizi, unajua mwenyewe. Lakini nikiishika nakuona pa mulango ya depo, na koti yako ya kupasuka bega, unaniangalia nikikoroma. Haukuniamusha hata siku moja.

Jana nikaacha vidonge na majani. Nikavaa koti, nikakaa pa mulango yangu na jiwe mu mukono, zamu yangu ya kwanza ya kweli. Jogoo ikalia, niko macho.

Ile hadisi ya Mumosho nitaisema tena mu kabare, nakuahidi. Bila mamba. Na mwenye watacheka atakuwa miye.

Lala, ndugu yangu. Sasa zamu ni yangu.