Kibali cha Gari la Nyamweya

Jumatano, Kisii, 1971

Nyamweya, ambaye tulisoma darasa moja na nilikuwa namwonyesha hesabu, ndiye aliyekuja leo ofisini kuomba kibali cha kuegesha gari lake jipya sokoni. Mimi, karani wa vibali, hutembea kwa miguu kutoka Nyakoe.

Nafasi nzuri zilikuwepo. Nikamwandikia ile iliyo kando ya malori yanayoshusha mawe ya kuchonga kutoka Tabaka, kwenye vumbi jeupe kutwa nzima. Akanishukuru sana. Niliona aibu, lakini sikuibadilisha.

Jioni akasimamisha gari kando yangu. “Ingia, ndugu yangu, nikufikishe nyumbani.”

Nikaingia.

Mlangoni mke wangu alinipangusa vumbi jeupe kwenye suruali.

“Gari zuri, Baba Moraa,” akasema. “Letu tutanunua lini?”